Waya Chini ya Mawaridi

Kwenye barabara ya Sawpit, pale lami inapojikunja bila sababu inayoonekana, pana kimya ambacho watu wa Wirrabeel bado hawajakizoea. Dereva wa basi la shule hupunguza mwendo akifika hapo, hutupia jicho baraza la nyumba ya Treloggan, kisha huendelea na safari yake. Kiti kipo. Mlango una kufuli. Mawaridi yamejiotea yanavyotaka, yamepanda hadi kwenye bati, na hakuna anayeyapunguza. Kwa zaidi ya miaka arobaini, aliyepita pale Jumamosi ya kwanza ya Septemba alimkuta Alwyn Treloggan akitembea polepole, kofia mkononi na shingo juu, akiutazama waya wake wa umeme kutoka nguzo hadi nguzo kama mtu anayesoma mstari mmoja mrefu sana. Majirani walimcheka. Mwaka alioacha kutembea, waligundua kwamba wao nao hawajui Septemba imeanza lini.

Waya ule ulikuwa wake, si wa shirika. Katika nchi ile ya kondoo, magharibi mwa jimbo la Victoria, shirika la umeme hukomea kwenye nguzo kubwa yenye transfoma. Kutoka hapo hadi nyumbani kwako, nguzo ni zako na waya ni wako, na waya huo ukianguka kwenye nyasi kavu siku ya upepo wa kaskazini, moto nao ni wako. Baba yake alizisimamisha nguzo nane Alwyn akiwa na miaka saba, akazikata mwenyewe kutoka kwenye mikaratusi ya mtoni. Kabla hajarithi shamba, Alwyn alifanya kazi miaka mitatu katika genge la barabara la halmashauri, akichimba mitaro na kumwaga kokoto. Mwenzake wa sururu alikuwa Lyle Pascoe, kijana mcheshi aliyejua kuimba kwa pua. Siku moja ya Machi, saa nne asubuhi, sururu ya Lyle ilishuka kando ya barabara, mahali ambapo karatasi ya halmashauri ilionyesha udongo mtupu, ikakuta waya ambao mwenye hoteli alikuwa ameufukia kimyakimya kupeleka taa kwenye zizi lake. Alwyn alikuwa hatua nne nyuma yake. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo vizuri. Alikuwa akifika penye zile hatua nne anasimama, anauliza kama chai ipo.

Alimwoa Merle, binti wa mlinzi wa reli, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono ya subira. Hawakujaliwa watoto. Merle alipanda mawaridi mbele ya nyumba, kati ya baraza na ua wa mbao, na kwa miaka arobaini na minane aliyapalilia, akayafunga, akayagombeza. Alipofika miaka sabini na mbili mapafu yake yalianza kukaza. Hospitali ikampa mashine ya oksijeni, kitu cha ukubwa wa sanduku la safari, kilichokaa miguuni pa kitanda kikihema mchana kutwa. Kutoka hapo mrija mwembamba ulimfuata Merle jikoni, sebuleni, barazani. Alwyn alijifunza kuinua miguu kila alipotembea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisema anajiona kama jogoo kwenye majani yenye umande.

Kisha, mwezi Agosti, alikuja mkaguzi wa nguzo. Kwenye nguzo ya tatu alichomeka bisibisi, ikazama hadi mpini. Barua ikafuata: laini ya Treloggan itakatwa tarehe thelathini na moja Oktoba, kabla msimu wa moto haujatangazwa. Nguzo mpya haziruhusiwi tena katika eneo lile. Waya upite chini ya ardhi, au usiwepo.

"Nitanunua jenereta," Alwyn alimwambia nesi wa wilaya.

"Jenereta ikizimika wewe umesinzia, nani atakuamsha? Kondoo?" nesi alimjibu. "Mzee Alwyn, bila umeme wa uhakika siwezi kumwacha Merle hapa. Itabidi ahamie nyumba ya wazee mjini."

"Nitaingia kule nikiwa ndani ya jeneza," Merle alisema kutoka kwenye kiti chake. "Tena wanipitishe mlango wa mbele, watu waone."

Fundi umeme alisema mtaro ni kazi ya siku moja. Tatizo lilikuwa nguzo kubwa, iliyosimama ng'ambo ya barabara. Waya ungepita chini ya lami na chini ya hifadhi ya barabara, na kwa waya wa mtu binafsi kupita kwenye ardhi ya umma kilitakiwa kibali cha halmashauri. Alwyn alichora ramani nyuma ya kalenda ya duka la mbolea. Akachora nguzo, barabara, ua, nyumba. Kwenye ua aliandika neno "mpaka", akapiga mstari chini yake. Mpaka ungekuwa wapi kwingine? Kwa watu wa kule, ua ndio neno la mwisho. Mtu huzaliwa ukiwa umesimama na hufa akiwa ameurekebisha.

Halmashauri ilimtuma Thuy Lam, mhandisi wa miaka ishirini na saba aliyehamia kutoka jijini mwaka uliotangulia, akaangalie kama mizizi ya mikaratusi itazuia mtaro. Alikuja na chombo chake cha kupimia ardhi, cha miguu mitatu. Alipima kando ya barabara, akakunja uso, akapima tena. Akafungua lango, akapita kati ya mawaridi akirudi kinyumenyume, hadi kisigino chake kikagonga ngazi ya baraza.

"Mzee Alwyn, ua huu aliweka nani?"

"Babu yangu. Mwaka elfu moja mia tisa na tisa."

"Alipima na nini?"

"Na macho yake. Kwani umepinda?"

"Haujapinda. Ila hauko mahali pake." Thuy alichomeka kijiti chenye utepe wa waridi karibu na nguzo ya baraza. "Shamba lako linaanzia hapa."

Alwyn alicheka. "Binti, hapo ndipo ninapovulia viatu."

"Basi viatu vyako viko kwenye barabara ya serikali."

Dirisha likafunguliwa. "Alwyn! Mwambie huyo mtoto aingie anywe chai, skonzi zinapoa. Na asilikanyage hilo la manjano."

"Anasema si lako, mke wangu. Ni la serikali."

"Basi serikali ije ilipalilie! Miaka arobaini na minane sijaona waziri hata mmoja na jembe."

Wakiwa mezani, Thuy alikunjua ramani ya zamani, na polepole jambo likaeleweka. Wapimaji wa kwanza walikuwa wamechora barabara ikiwa imenyooka, wakiwa ofisini, mbali na matope. Mstari wao ulipita katikati ya kinamasi ambacho kila kipupwe kilimeza magurudumu. Kwa hiyo babu Treloggan na jirani yake, babu Gathercole, walikaa wakakubaliana. Gathercole alitoa ukingo mkavu wa shamba lake, barabara ikajikunja kupita hapo. Treloggan akamfidia kona ya mto, kondoo wa jirani wapate maji. Walipeana mikono, wakahamisha nyua. Kinamasi kilikuja kukauka, nyumba ikajengwa, na wote waliokuwa na habari ile wakafa nayo. Kwenye vitabu, barabara ya umma ilikuwa bado imelala palepale iliponyooshwa, ikipita chini ya mawaridi ya Merle hadi ngazi ya kwanza ya baraza. Na lami ambayo watu wote waliipita ilikuwa juu ya shamba la Clem Gathercole, mrithi wa jirani yule.

"Sasa nifanye nini?" Alwyn aliuliza.

Thuy alizungusha kikombe chake. "Mimi nilitumwa kuangalia mizizi. Mizizi haina shida. Mchoro ni wako na saini ni yako. Mchoro ukisema mpaka ni ua, karatasi inapita ofisini kwetu kwa wiki moja. Ukichora mpaka ulipo kweli, waya kuanzia ua hadi barazani ni waya binafsi ndani ya ardhi ya umma, na hapo lazima madiwani wakae. Wanakaa mara moja kwa mwezi. Wakiahirisha, tarehe yako imepita."

"Na nikichora ua, nani ataumia?"

"Leo, hakuna." Alikiweka kikombe mezani. "Vijana wetu wakichimba, wanapima kutoka mpakani. Karatasi ikisema mita nne kutoka mpakani, wao wanahesabu nne kutoka kwenye mpaka wa kwenye vitabu. Waya wako utakuwa mita kumi na nne mbali na hapo."

Alwyn alisimama, akauliza kama chai ipo. Birika lilikuwa mbele yake, limejaa.

Siku mbili alizunguka na karatasi ile mfukoni. Alienda hadi nguzo ya tatu, akaweka kiganja kwenye mbao iliyooza. Waya wa juu, hata uwe mbovu, unajionyesha. Ndege wanakaa juu yake, upepo unaupigisha mluzi, mtoto anaweza kuunyooshea kidole. Waya wa chini hauna cha kuonyesha. Unaoishi chini ya nyasi unaishi pia kwenye karatasi, na karatasi ikidanganya hakuna kitu kingine duniani kinachojua. Upande mwingine wa fikra zake ilikuwa sauti ya mashine ikihema, na mrija, na Merle ambaye hakuwahi kulala nje ya chumba kile isipokuwa kwa ugonjwa. Lyle alikuwa amekufa miaka hamsini iliyopita. Merle alikuwa hai. Aliona aibu kuwaweka kwenye mizani moja, lakini aliwaweka.

Jumapili, akimmenyea Merle viazi, alimwambia yote. Hata Lyle alimsimulia, safari hii bila kuishia kwenye hatua nne.

Merle alisubiri pumzi yake irudi. "Ulitaka kuchora ua."

"Nilitaka ubaki nyumbani."

"Nami nataka kubaki. Sina hamu na kuku wao wa kuchemsha wala bingo yao." Alivuta hewa. "Lakini usije ukanifanya mimi ndiyo sababu. Mtoto wa mtu atashika koleo hapo nje siku moja, wewe utakuwa umekufa, mimi nimekufa, na uongo utakuwa bado mzima kabisa."

"Na madiwani wakiahirisha?"

"Utaniletea supu kule mjini. Nitakugombeza kila siku kwa makosa yako mengine. Yapo ya kutosha."

Alwyn akachora upya, akatumia rula.

Kilibaki kibarua cha Clem. Waya ungeanzia kwenye nguzo kubwa na kupita chini ya lami, na chini ya lami palikuwa kwa Clem. Bila saini yake hakuna faili. Wawili hao walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na mmoja, tangu mkutano wa kikosi cha zimamoto cha kijiji ambapo kura moja ilimvua Clem ukapteni, na kila mtu alijua kura ile ilikuwa ya nani. Kule wenye magari wakikutana njiani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu, haihitaji hata urafiki. Miaka kumi na mmoja kidole cha Clem kilikuwa kimelala.

Alimkuta zizini, kondoo kati ya magoti, mkasi mkononi.

"Umepotea?" Clem alisema bila kumtazama.

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Kapteni aliyepo anaitwa Barney. Mwombe yeye, ulimchagua mwenyewe."

"Clem, barabara iliyoko mbele ya kwangu ni yako."

Mkasi ukasimama. Alwyn alikunjua ramani juu ya mgongo wa kondoo, akamwonyesha. Clem aliisoma muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi kondoo akamponyoka na kukimbia na sufu nusu.

"Yaani lori la maziwa linapita kwangu? Na padri? Na yule shemeji yako anayeendesha kama kichaa?"

"Wote."

"Mungu wangu. Nitaweka geti! Padri apite bure, shemeji yako alipe mara mbili." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu uso ukabadilika, akaitazama tena ramani, chini, penye mto. "Ngoja kwanza. Kama hii ni yangu, basi kona ya mto..."

"Kwenye vitabu ni yangu."

"Kondoo wangu mia sita wanakunywa pale, Alwyn. Nikisaini hapa nakiri sina maji."

"Babu yangu aliitoa. Nitaandika hivyo, leo, hapa, kabla hujasaini chako."

Clem alitafuna shavu lake. "Wewe mzee mbishi kweli. Ungeweza kunyamaza, tukazikwa wote hatujui."

"Ningeweza."

"Merle yuko vipi?"

"Anapumua. Kwa umeme."

Waliandikiana juu ya boneti ya gari la Clem, kwa kalamu iliyokuwa ikigoma. Clem alisaini, akairudisha, akasema bado anaamini kura ile ilikuwa ya kipuuzi. Alwyn alisema yeye pia ameanza kuamini hivyo, maana Barney anaogopa moshi.

Madiwani saba walikutana Jumatano, siku mbili kabla ya umeme kukatwa. Faili la Treloggan lilikuwa la tisa. Diwani Etheridge, mwanamke makini mwenye miwani ya mnyororo, alisema jambo hili linahitaji mwanasheria: mtu ameweka ua, ngazi na bustani kwenye barabara ya umma, na leo anaomba kuongeza na umeme. Tukimpa huyu, kesho kila mwenye ua uliosogea atapanga mstari mlangoni. Alipendekeza liahirishwe hadi Novemba. Hakusema kwa ubaya, na Alwyn aliyekuwa amekaa nyuma na kofia magotini aliona kwamba maneno yake yana haki. Angekuwa yeye kwenye kiti kile, pengine angesema hayohayo.

Akaruhusiwa dakika tatu. Alitumia chini ya moja.

"Sikuja kuomba ardhi," alisema. "Ardhi ni yenu, nimeichora hivyo kwa mkono wangu, na nitasaini popote mnapotaka. Naomba waya upite chini yake kwa sababu mke wangu anaupumulia. Kisha nawaomba muandike ulipo. Niliwahi kufanya kazi kwenu. Nilimwona mtu akiukuta ambao haukuandikwa."

Alirudi kukaa. Hapo Clem, aliyekuwa ameegemea mlango, akaropoka: "Mpeni mtu umeme wake, bwana! Barabara yenyewe ni yangu, mkileta maneno naifunga kesho!"

"Bwana Gathercole," mwenyekiti alisema, "hapa si mnadani."

Walipiga kura, nne kwa tatu. Diwani Etheridge alikataa, lakini ndiye aliyeandika masharti, na aliyaandika vizuri. Waya uchorwe kwa vipimo kutoka mpaka wa kweli. Mwombaji akiri kwa maandishi kwamba ardhi kuanzia ua hadi ngazi ya baraza ni ya umma. Kibali ni cha Alwyn na Merle Treloggan peke yao. Siku wote wawili watakapokuwa hawaishi pale, kibali kinakufa, waya unakatwa, na nyumba haiwezi kuuzwa na umeme wake. Mwenyekiti alimuuliza kama ameelewa maana yake. Alwyn alijibu kwamba ameelewa: nyumba ya babu yake haitakuwa na mnunuzi. Akasaini.

Ijumaa Clem alikuja na mashine yake ya kuchimba mitaro kabla umande haujakauka. Fundi alilaza bomba la rangi ya chungwa, wakamwaga mchanga, wakatandaza juu utepe wa onyo, ili koleo lolote likutane na maneno kabla ya kukutana na waya. Thuy alipima kila mita mbili, akisoma namba kwa sauti, na Alwyn alimfuata akizirudia kimoyomoyo. Walikwepa waridi la manjano kwa shubiri mbili. Merle alikaa barazani, mtungi mdogo wa oksijeni pembeni, ule unaodumu saa tatu tu, maana laini ya zamani ilikuwa imeshakatwa, akiwaambia wanaume wasivunje matawi. Ulipobaki robo, aliacha kuongea. Clem aliona, akaacha utani. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kisanduku cha ukutani, jasho likimdondoka puani. Alwyn aliingia chumbani akakaa mbele ya mashine iliyozimika, mikono magotini, na hapo ndipo alipoogopa kikweli. Si kwa madiwani wala kwa tarehe, bali kwa kimya cha kile kisanduku. Kisha kikakohoa mara mbili. Kikaanza kuhema.

Merle aliishi kwa umeme ule vipupwe vitatu. Alifia chumbani mwake, asubuhi, dirisha likiwa wazi, akiwa ametoka kulalamika kuhusu uji. Alwyn alibaki peke yake mwaka mmoja na miezi michache, hadi magoti yakagoma ngazi. Alipokabidhi funguo, halmashauri ilikata waya kama ilivyoandikwa. Thuy mwenyewe ndiye aliyekuja, akafunga kisanduku, akaandika kwenye kumbukumbu kwamba waya umebaki ardhini, hauna umeme, na vipimo vyake ni sahihi.

Mwaka jana halmashauri ilichimba mtaro wa maji ya mvua mbele ya nyumba ile. Vijana wanne walifanya kazi siku tatu, karatasi ya vipimo mkononi, wakamaliza, wakaondoka.

Alwyn Treloggan ana miaka themanini sasa. Yuko Wirrabeel, katika nyumba ya wazee nyuma ya ghala la nafaka, chumba namba sita, mlango wa pili kutoka jikoni.